Nimepewa wanafunzi wa mwaka wa kwanza niwafundishe kuishi: nianzie wapi?

Shikamoo mama,

Mimi ni mhadhiri msaidizi katika chuo kikuu cha Kikatoliki. Muhula huu nimepewa kazi ambayo sikuisomea popote, ya kuwa mlezi wa kundi la wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Tunakutana kwa muda wa saa moja kila wiki. Saa hiyo haina mtihani wala alama. Mwongozo niliokabidhiwa unasema lengo ni kuwasaidia wajifunze kuishi vema, kisha unapanga mada: muda, pombe, mapenzi, simu, fedha, imani.

Naandaa somo, naingia, nazungumza. Wananisikiliza kwa adabu. Wiki iliyopita nilipouliza kama kuna swali, kijana mmoja alinyoosha mkono akataka kujua kama asiyehudhuria atapunguziwa alama. Wenzake walicheka, nami nikaona wazi kwamba ndilo swali lililokuwa vichwani mwa wote.

Kuna binti hubaki nyuma wenzake wakitoka. Kwao alikuwa wa kwanza darasani tangu utotoni. Huku jaribio la kwanza tu amepata alama ambazo hajawahi kuziona kwenye karatasi yake. Anasema halali vizuri na anataka kurudi nyumbani. Nilimwambia amtegemee Mungu na aongeze bidii. Aliitikia, lakini sikuona kama nimemsaidia.

Kuna pia kijana ambaye mara mbili amekuja akinuka pombe, na pombe ni moja ya mada zangu. Nilipoifundisha, yeye ndiye aliyeandika maelezo mengi kuliko wote.

Na kundi langu si la Wakatoliki watupu. Wamo Waislamu, wamo Waprotestanti, wamo wawili walioniambia waziwazi kwamba hawaamini tena chochote. Nikisema habari za Mungu naogopa nitaonekana nawahubiria kwa nguvu. Nikinyamaza naona nakisaliti chuo kilichoniajiri, na nafsi yangu pia.

Mama, saa hii moja niifanyie nini?

Mlezi mpya

* * *

Marahaba mwanangu,

Umeniuliza juu ya saa, lakini barua yako ina binti anayebaki nyuma mlangoni. Nianze naye, maana mada zinaweza kungoja.

Huyo binti hajashindwa masomo. Amepoteza jina. Kwao alijulikana kuwa ni yule wa kwanza. Walimu walimtaja, wadogo zake waliambiwa wamwige. Sasa ameketi katika ukumbi uliojaa watu ambao kila mmoja alikuwa wa kwanza alikotoka. Hesabu yenyewe inalazimisha wengi wao wawe wa katikati, na wengine wa chini, bila yeyote kuwa amepungukiwa akili. Ajabu ni kwamba hatuwaambii hivyo wanapofika. Tunawapa ramani ya majengo na ratiba ya vipindi, kisha tunawaacha wagundue jambo hili peke yao, usiku, na karatasi ya jaribio mkononi. Mwambie wewe, kwa maneno mepesi. Ukiweza, waambie wote, kwa sababu nina hakika hayuko peke yake. Yeye ndiye tu aliyepata ujasiri wa kubaki nyuma.

Mwambie pia habari za John Henry Newman. Kanisa lilimtangaza mtakatifu mwaka 2019, naye ndiye aliyekiongoza chuo kikuu cha Kikatoliki kilichofunguliwa Dublin mwaka 1854, na mawazo yake kuhusu elimu ya chuo kikuu yanasomwa mpaka leo. Newman aliingia Oxford akiwa mdogo kuliko wanafunzi wako wengi. Alisoma kupita kiasi, akajinyima mapumziko, na mtihani wa mwisho wa mwaka 1820 ulipofika akili yake ikagoma. Alifanya vibaya sana, yeye ambaye wote walimtarajia makubwa. Miezi kumi na saba hivi baadaye alichaguliwa kuwa mmoja wa wanazuoni wa chuo cha Oriel, nafasi iliyogombewa na vijana hodari kuliko wote pale Oxford. Mtihani ule haukuwa umesema neno la mwisho juu yake. Binti yako anahitaji kulisikia hilo kutoka kwa mtu anayemheshimu.

Sasa, yale ya kumtegemea Mungu na kuongeza bidii. Ni maneno ya kweli, ila yamemfikia mtu asiyelala. Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika kitabu chake kikuu cha teolojia, alijiuliza huzuni hutulizwa na nini. Jibu lake lina mambo matano: furaha ya aina yoyote, machozi, huruma ya marafiki, kuutafakari ukweli, na mwisho usingizi pamoja na kuoga. Huyu ni mtawa wa karne ya 13 aliyeandika juu ya Utatu Mtakatifu na malaika, naye hakuona aibu kuweka kulala na kuoga katika kitabu hichohicho. Aliamini kwamba mwanadamu ni mwili na roho kwa pamoja, na ukiupumzisha mwili unaigusa na roho. Basi muulize binti maswali ya Thoma. Analala saa ngapi, akiamka saa ngapi? Tangu afike hapa amecheka na nani? Amelia mbele ya nani? Kama jibu la swali la mwisho ni "mbele ya hakuna mtu", basi hapo umepata pa kuanzia.

Lakini kuna mpaka, nawe uujue vizuri. Ikipita wiki mbili hali ni ileile, usingizi hauji, chakula hakimwingii, vipindi anakosa, au ukisikia maneno kama "bora nisingekuwepo", hapo ulezi wako haumtoshi. Muulize waziwazi kama anawaza kujidhuru. Watu wazima wengi huogopa kwamba swali hilo litampa mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Sivyo, mara nyingi humpa nafuu ya kusema. Kisha inuka, uende naye kwa miguu yako mpaka kwa mshauri nasaha au zahanati ya chuo, siku hiyohiyo, wala usimwachie namba ya simu apige mwenyewe. Kwa sababu hiyo usimwahidi mwanafunzi yeyote siri kabla hujasikia anachotaka kusema. Mwambie: nitakutunzia heshima yako, ila nikiona uhai wako uko hatarini nitatafuta msaada, na nitakuambia kabla ya kufanya hivyo.

Tuje kwenye saa yako.

Vijana hawa wamehutubiwa juu ya pombe, mapenzi na simu tangu hawajui kufunga kamba za viatu. Wazazi, walimu, makatekista, masheikh, wachungaji, wote wamepita hapo. Hawakosi habari. Ukisimama kuwapa onyo la mia moja na moja, watafanya walivyozoea, watanyamaza kwa adabu na kuandika maelezo, kama alivyofanya kijana wako wa pombe.

Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alisema mtu huwa mjenzi kwa kujenga, na mpiga kinubi kwa kupiga kinubi. Vivyo hivyo mtu huwa mwenye haki kwa kutenda haki, na mwenye kiasi kwa kutenda kwa kiasi. Thoma alilipokea fundisho hilo akalitia ndani ya imani. Ndiyo maana Kanisa, linapotaja fadhila kuu nne, yaani busara, haki, nguvu na kiasi, huziita mazoea thabiti ya kutenda mema. Mazoea hayahubiriwi yakaingia. Hufanywa, hukosewa, hufanywa tena. Kwa hiyo saa yako igeuze iwe mahali pa mazoezi. Kila wiki wape jambo moja dogo la kutenda, wewe ukiwa mmoja wa watendaji, na wiki inayofuata muulizane lilikwendaje.

Dogo kweli, mwanangu. Wiki ya kwanza kila mmoja alaze simu yake mbali na kitanda kwa usiku mitatu. Wiki nyingine kila mmoja aende ofisini kwa mhadhiri mmoja na swali moja, kabla hajafeli, kwa maana wengi hungoja hadi washike sapu, yaani mtihani wa marudio, ndipo wajue njia ya ofisi ile. Wiki nyingine waketi mezani na mtu wasiyemjua. Wiki nyingine wapige simu nyumbani waseme neno moja la kweli badala ya lile la kila siku kwamba mambo ni mazuri. Hilo la mwisho utaona ndilo gumu kuliko yote, na ndilo litakalowafungua. Wakirudi usiwaulize nani amefaulu. Waulize ni nini kiliwazuia. Atakayesema "nilishindwa kulaza simu kwa sababu usiku ndipo upweke unanijia" ameileta mada yako ya simu, ya mapenzi na ya imani kwa pamoja, na ameileta kwa mdomo wake.

Zoezi moja lingine naliweka peke yake kwa sababu litadumu baada ya wewe kuondoka maishani mwao. Ni kuichunguza siku kila jioni, kwa namna aliyoifundisha Mtakatifu Inyasi wa Loyola. Ana hatua tano: kushukuru, kuomba mwanga, kuipitia siku saa kwa saa, kuomba msamaha, na kuazimia juu ya kesho. Robo saa yatosha. Angalia hasa kwamba hatua ya kwanza ni shukrani. Vijana waliokulia katika dini huiruka upesi, wakaanza na dhambi, na jioni yao ikawa mahakama. Asiyeisali hivyo kwa kuwa haamini, anaweza kuketi kimya wakati huohuo akajiuliza: leo ni saa ipi nilikuwa hai kweli, na ni saa ipi nilijikimbia? Baada ya mwezi ataanza kuona njia ya miguu yake mwenyewe.

Nikimtaja Inyasi, kuna jambo lake unalopaswa kuwaambia Wakatoliki wako wachamungu, wale wanaokesha katika maombi wiki ya mitihani na kufika ukumbini wakisinzia. Inyasi alianza kujifunza Kilatini huko Barcelona akiwa mtu mzima wa miaka thelathini na zaidi, ameketi pamoja na watoto. Kila akifungua kitabu, mawazo matamu ya kiroho yalimjia yakamvuta mbali na somo. Alikuja kutambua kwamba utamu ule, ambao haukumjia hata akisali au kuhudhuria Misa, ulikuwa kishawishi. Akamwendea mwalimu wake akamwahidi kutoacha kumsikiliza kwa miaka miwili. Kwa mwanafunzi, kusoma kwa uaminifu ni sehemu ya utumishi wake kwa Mungu. Mtu asiitumie sala kama mahali pa kukikwepea kitabu kigumu.

Juu ya marafiki nitakaa kidogo, maana mwongozo wako haujawataja kabisa, na kwa macho yangu ndiyo mada kubwa kuliko zote sita.

Mtakatifu Augustino alifika Karthago, mji wa kale wa Afrika ya Kaskazini, kusoma akiwa na miaka kama kumi na saba. Katika Maungamo yake anasimulia kundi la wanafunzi waliojiita wavurugaji, waliokuwa wakiwaonea na kuwadhihaki wageni. Augustino hakupenda matendo yao. Hata hivyo alitembea nao, akaufurahia urafiki wao, na aliona haya kwamba hakuwa mkorofi kama wao. Wasomee sehemu hiyo kwa sauti, kisha nyamaza. Kila mtu chumbani atakuwa anamfahamu huyo kijana. Urafiki wa juma la kwanza chuoni huzaliwa na hofu ya kuonekana peke yako. Si dhambi, ni ubinadamu. Hatari ni kuuchukua kama ndoa. Waambie wana ruhusa ya kubadilisha meza wanayoketi, hata katikati ya muhula, bila kugombana na mtu.

Kisha wape upande wa pili. Mwaka 1529, katika chuo cha Sainte-Barbe huko Paris, vijana wawili wa miaka ishirini na mitatu hivi, Petro Favre na Fransisko Ksaveri, waliletewa mtu wa kukaa nao chumbani. Alikuwa Inyasi, wakati huo akikaribia arobaini, mlemavu kidogo wa mguu, mkongwe kuliko darasa lake. Favre alimsaidia kumwelewa Aristotle; Inyasi naye alimsaidia Favre kutulia rohoni, kwa kuwa alikuwa mtu wa mashaka mengi juu ya dhambi zake. Ksaveri, aliyekuwa na ndoto za cheo na heshima, hakumpenda mgeni huyo, na ilichukua miaka kabla hajalainika. Tarehe 15 Agosti 1534 wote watatu, pamoja na wenzao wanne, waliweka nadhiri pale Montmartre, kilima cha Paris, na huko ndiko lilikoanzia Shirika la Yesu, yaani Wajesuiti. Sikuambii utazamie makubwa hayo katika bweni lenu. Nakuambia uone jinsi yalivyotokea: chumba kimoja, mmoja anajua somo, mwingine anajua moyo, na muda mrefu. Aristotle alikumbusha methali ya watu wa kwao kwamba watu hawajuani mpaka wamekula chumvi nyingi pamoja. Muda huo hauna njia ya mkato, na simu haiupunguzi.

Na kundi likijitazama lenyewe tu huchoka. Mwaka 1833 Frédéric Ozanam, mwanafunzi wa miaka ishirini huko Paris, alikuwa akilitetea Kanisa katika midahalo, mpaka wapinzani wakamuuliza: zamani mlifanya mema, leo mnafanya nini? Swali lilimchoma. Yeye na wenzake wachache wakaanza kuzitembelea familia maskini nyumbani kwao, na chama chao, cha Mtakatifu Visenti wa Paulo, kimeenea duniani kote. Wewe kama mlezi watazame watu wazima waliosimama kando yao. Emmanuel Bailly, mhariri wa gazeti, aliwapa mahali pa kukutania na akawa mwenyekiti wao. Sista Rosalie Rendu, aliyeifahamu mitaa ile, aliwaonyesha ni nyumba zipi waende na namna ya kuingia kwa heshima. Hakuna aliyewafanyia kazi yao. Tafuta mahali pamoja karibu na chuo, wagonjwa, wazee, watoto wanaohitaji kusaidiwa hesabu, na kundi lako liende huko mara kwa mara kwa watu walewale. Yule anayeamini kwamba thamani yake ni alama zake atakutana na bibi asiyejua alama ni nini, anayefurahi tu kwamba amerudi.

Kuhusu dini, jibu langu ni fupi. Waraka wa Papa Yohane Paulo wa Pili juu ya vyuo vikuu vya Kikatoliki, Ex corde Ecclesiae wa mwaka 1990, unadai chuo kisifiche Ukatoliki wake, na papo hapo unataka uhuru wa dhamiri wa kila mmoja uheshimiwe kikamilifu. Huna haja ya kuchagua kimoja. Sema "mimi nasali hivi, na hii ndiyo sababu", kisha uliza "na wewe kwenu mnafanyaje?" ukiwa unataka kweli kujua. Mwislamu wako anayeikatiza siku yake mara tano kwa ajili ya swala ana la kuwafundisha Wakatoliki wanaosema hawana muda. Na wale wawili wasioamini, usiwafanye mradi. Waulize wanapenda nini, wanachukia uongo gani, wangependa wakumbukwe kwa lipi. Hawajaondoka chumbani, nalo ni jambo la kushukuru. Wanaotaka zaidi, wapeleke kwa padre mlezi wa chuo na uwaambie saa za Misa na kitubio bila kuwasindikiza kwa macho.

Amebaki kijana wako.

Usimgusie mbele ya wenzake, wala usilirudie somo la pombe kwa ajili yake; analo daftarini. Mwite mtembee pamoja, maana vijana wengi wa kiume husema wakiwa wanatembea yale wasiyoweza kusema wakikutazama usoni. Mwambie ulichokiona bila kukipamba: "Mara mbili umekuja ukinuka pombe mchana, nami nimekuwa na wasiwasi juu yako." Kisha ngoja, hata ukimya ukiwa mrefu. Muulize anakunywa na nani, na kama kuna siku anakunywa peke yake, kwa sababu hilo la pili ni zito kuliko la kwanza. Muulize amewahi kujaribu kuacha kwa wiki nzima, na ilikuwaje. Akikuambia mikono hutetemeka au hutokwa jasho anapokosa, basi ni suala la daktari, wala asiambiwe aache ghafla peke yake, kwa kuwa mwili uliozoea pombe nyingi unaweza kuugua vibaya ukiikosa ghafla. Akikuambia ni marafiki tu, mpe zoezi la wiki kama wenzake: jioni mbili mahali pengine, na watu wengine. Umtajie jina la mtu wa kundini atakayekwenda naye, uwe umeshazungumza na huyo mtu, bila kumweleza ya mwenzake, kwamba wiki hii angefurahi kupata wa kufuatana naye.